Kisiwa Kina Wenyewe: Mwongozo wa Kufika Fiji kwa Yoti

Anayejiandaa kwenda visiwa vya Pasifiki kwa yoti yake, au kama baharia katika yoti ya mtu mwingine, huanza na chombo: matanga, injini, betri, matangi ya maji, redio. Hayo ni ya lazima, na asiyeyamudu asitoke bandarini. Lakini kujiandaa kwa bahari ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujiandaa kwa watu. Mwongozo huu unashikilia jambo moja: kila kisiwa kina wenyewe, pamoja na maji yanayokizunguka, na uamuzi wa safari, tangu mwezi wa kuondoka hadi taka unazorudi nazo, huwa mzuri ukiufanya ukijua kwamba wewe ni mgeni. Tuchukue mfano wa Fiji, na hasa visiwa vya Lau vilivyo upande wake wa mashariki, kwa sababu huko sheria ya nchi, mila ya kijiji na ufundi wa ubaharia hukutana mahali pamoja. Fiji ina visiwa zaidi ya 300, na takriban theluthi moja tu ndiyo inayokaliwa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya ardhi yake, zaidi ya asilimia 80, ni mali ya koo za wenyeji. Ufuo unaouona mtupu kutoka baharini si wa bure. Mwenyewe yuko kijiji cha pili.

Anza na kalenda. Msimu wa vimbunga Fiji ni Novemba hadi Aprili. Kuanzia Mei hadi Oktoba upepo wa kusini-mashariki huvuma mfululizo, mara nyingi kwa noti 15 hadi 25, na huo ndio wakati wa kutembea. Wengi hutoka New Zealand mwezi Mei au Juni, safari ya takriban maili 1,100 za baharini, na kurudi kusini kabla vimbunga havijaanza. Ukivutwa kubaki hadi Desemba kwa sababu anga bado ni safi, kumbuka Kimbunga Winston cha tarehe 20 Februari 2016. Kilipita juu ya Vanua Balavu katika Lau, kikaenda kisiwa cha Koro, kikaingia kisiwa kikuu cha Viti Levu kikiwa na upepo wa kilomita 280 kwa saa, na watu 44 walikufa. Ukikwama kijijini katika hali kama hiyo, hao hao waliopoteza mapaa na mashamba ndio watakaokutafuta, kukulisha na kukulaza. Asiyeheshimu msimu huwabebesha wenyeji mzigo wasiouomba. Kama ni lazima chombo kibaki Fiji, kipeleke nchi kavu mapema. Bandari ya Vuda, karibu na Lautoka, ina mashimo yaliyochimbwa ardhini ambamo mkuku wa yoti hushushwa ili upepo usiiangushe.

Jambo la pili ni mahali pa kuingilia. Fiji inazo bandari maalumu za kupokea vyombo kutoka nje, zikiwamo Savusavu, Suva, Levuka na Lautoka, na ni marufuku kutia nanga au kushuka popote kabla ya kukaguliwa katika mojawapo ya hizo. Hapa ndipo Lau inapomjaribu nahodha. Anayetoka Tonga anavuka katikati ya visiwa hivyo. Anaiona minazi na mawimbi meupe juu ya mwamba, naye amekaa baharini siku kadhaa na amechoka. Lakini bandari ya kuingilia iko mbele, na akishafika Savusavu itambidi arudi takriban maili 100 kufika Vanua Balavu, na karibu 200 kufika Fulaga, kisiwa kingine cha Lau, akipiga bisho dhidi ya upepo ule ule uliomleta. Wengi huiona sheria hii kuwa ya kijinga, na wachache huivunja kwa kusimama usiku mmoja tu mahali pasipo na watu. Usiwe miongoni mwao. Tuma fomu ya taarifa ya kuwasili angalau saa 48 kabla ya kufika, pandisha bendera ya njano, ita kwenye redio, na subiri ndani ya chombo mpaka maofisa wa afya, wa usalama wa mimea na wanyama, wa uhamiaji na wa forodha wamalize kazi yao. Kabla ya safari, hakikisha kila baharia ana viza kama raia wa nchi yake wanaihitaji, kwa sababu nahodha ndiye anayewajibika kwa kila aliyemleta.

Ili uone kwamba taratibu hizi hazikutungwa na watu wanaopenda mihuri, tazama historia. Januari 1875 manowari ya Kiingereza, HMS Dido, ilimrudisha Fiji Cakobau, aliyekuwa mfalme wake, na msafara wake kutoka Sydney, huku surua ikiwa ndani ya chombo. Machifu walikuja kutoka kila upande kumlaki, wakarudi makwao na ugonjwa ambao miili ya watu wao haikuwahi kukutana nao. Takriban watu 40,000 walikufa katika nchi iliyokuwa na watu wapatao 150,000. Miaka 43 baadaye, tarehe 7 Novemba 1918, meli Talune kutoka Auckland iliruhusiwa kuteremsha abiria Apia, Samoa ya Magharibi, ikiwa na wagonjwa wa homa ya mafua. Walikufa watu wapatao 8,500, zaidi ya mmoja kati ya kila watano. Jirani yake, Samoa ya Marekani, ilifunga bandari na kulazimisha karantini, na haikupoteza hata mtu mmoja kwa maradhi hayo. Ni makundi mawili ya visiwa, yenye watu wa damu moja na lugha moja, na mwaka ulikuwa mmoja. Kilichovitenga ni uamuzi wa nani ateremke na lini. Ukiwa na mafua siku unapofika, sema. Na chanjo zako zikamilike kabla ya kuondoka nyumbani.

Yaliyowapata watu yamewapata pia wanyama na mimea, na hapa pwani ya Afrika Mashariki imo ndani ya kisa. Yule konokono mkubwa wa mashambani kwetu alisambazwa na binadamu hadi Pasifiki, akafika Tahiti katika miaka ya 1960 na kuanza kula mazao. Katika miaka ya 1970 waliletwa konokono wengine, wawindaji kutoka Amerika, ili wamle yule wa kwetu. Badala yake waliwamaliza konokono wadogo wa asili wa jamii ya Partula, na aina nyingi zikabaki katika vizimba vya bustani za wanyama za ng'ambo tu. Kwa hiyo ofisa anapochukua vitunguu vyako, asali yako na mayai yako, mpe bila kinyongo. Osha tope kwenye viatu, kagua mnyororo wa nanga, safisha sehemu ya chombo iliyo chini ya maji kabla ya kuvuka bahari, na hakikisha huna panya wala mchwa.

Wapo watakaosema kwamba bahari ni ya wote, na kwamba sheria ya kimataifa inakipa kila chombo haki ya kupita. Hoja hii ni nzito, na ni kweli haki hiyo ipo. Lakini isome mpaka mwisho. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, katika kifungu cha 18, unasema upitaji huo uwe wa mfululizo na wa haraka. Kusimama na kutia nanga kunaruhusiwa pale tu kunapokuwa sehemu ya kawaida ya safari, au chombo kinapolazimishwa na dharura, au kinapowaokoa walio hatarini. Haki ya kupita si haki ya kukaa. Na ni vizuri kujua kwamba nchi ya kwanza kabisa duniani kuridhia mkataba huo ilikuwa Fiji, tarehe 10 Desemba 1982. Nchi ya visiwa iliyoathiriwa kiasi hicho na waliofika bila kuzuiwa ilijua kwa nini inahitaji sheria iliyoandikwa. Kama mlingoti umevunjika au mtu anavuja damu, simama popote na uite msaada. Sheria iko upande wako. Kama ni uchovu tu, endelea mbele.

Ukishakaguliwa, omba kibali cha kutembelea visiwa, kinachotolewa chini ya wizara inayoshughulikia mambo ya wenyeji, iTaukei, na uwaambie forodha unakokwenda kila unapohama eneo. Sasa unaweza kuelekea Lau, na hapa ubaharia wenyewe unaanza kukudai. Miamba mingi ya Fiji haikupimwa vizuri, na ramani ya kielektroniki inaweza kukionyesha chombo chako mbali na mahali kilipo hasa. Hata penye ramani sahihi, mtu anaweza kuisoma vibaya: tarehe 29 Novemba 2014 yoti ya mashindano Vestas Wind, yenye mabaharia hodari na vyombo vya kisasa, ilipanda mwamba wa Cargados Carajos katika Bahari ya Hindi usiku, kwa sababu mwamba huo haukuonekana kwenye ramani iliyotazamwa kwa ukubwa mdogo. Kwa hiyo usiingie kwenye mlango wa mwamba kwa kutegemea kioo. Ingia jua likiwa juu na nyuma yako, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, mtu mmoja akiwa omoni amevaa miwani inayokata mng'ao. Buluu iliyokolea ni kilindi, kijani kilichofifia ni mchanga usio na kina kirefu, na kahawia ni mwamba wenyewe. Lenga wakati maji yamesimama kati ya kujaa na kupwa. Lakini jua kwamba mawimbi yakimwaga maji mengi juu ya mwamba upande wa upepo, maji yale hutafuta njia ya kutokea, na mkondo wa mlangoni unaweza kutoka nje hata wakati jedwali linasema bahari inajaa. Hifadhi mstari wa njia uliyoingilia, uutumie kutoka.

Kutia nanga nako ni jambo la heshima kama lilivyo jambo la usalama. Tafuta mchanga, toa mnyororo wa kutosha, kisha ingia majini na kinyago ukaone nanga ilivyolala. Penye vichwa vya matumbawe, funga maboya kadhaa kwenye mnyororo ili uelee juu yake badala ya kuyakwaruza upepo unapogeuka. Mnyororo mmoja unaozunguka usiku kucha huvunja matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua, na matumbawe yale ndiyo nyumba ya samaki ambao kijiji kinakula. Nanga iliyozama vizuri katika mchanga pia hushika kuliko iliyonasa kwenye mwamba. Kinachomfaa mwenyeji ndicho kinachomfaa nahodha.

Kisha kabla ya kuogelea, kabla ya kuvua, kabla ya kupanda mlima, nenda kijijini. Huko utajitambulisha kwa zawadi, desturi iitwayo sevusevu, na vifaa vyake unavinunua sokoni Savusavu au Suva: mizizi mizima ya yaqona, mmea unaotengenezewa kinywaji cha kijijini, si iliyosagwa, kiasi cha nusu kilo kwa kila kijiji, iliyofungwa kwa gazeti na utepe. Vaa nguo za kufunika mabega na magoti. Shuka au kanga inafaa kabisa, kwa wanaume na wanawake. Ukikanyaga ardhi ya kijiji vua kofia na miwani ya jua, na mkoba ushike mkononi, usiuvae mgongoni. Muulizie turaga ni koro, yaani mkuu wa kijiji, naye atakupeleka kwa chifu. Vua viatu mlangoni, kaa juu ya mkeka ukiwa umekunja miguu, na weka fungu lako chini mbele ya mwenyeji. Maneno machache yanatosha: mmetoka wapi, mko wangapi, mnaomba kutia nanga siku ngapi na kufanya nini. Atakayejibu kwa niaba ya chifu atasema kwa Kifiji, watu watapiga makofi ya viganja vilivyokunjwa, na huenda yaqona ikatwangwa na kukamuliwa katika bakuli la mbao, tanoa. Ukiletewa kifuu cha nazi, piga kofi moja, sema "bula", kunywa chote kwa mkupuo mmoja, rudisha kifuu, piga makofi matatu. Kinywaji hiki hakichachushwi na si pombe, ila hulegeza mwili na kutia ganzi ulimi. Kama dini au afya yako inakuzuia, kataa kwa upole. Wajibu wako ulikuwa kuuleta mzizi, nao umeshatimia.

Wako wanaosema desturi hii imegeuka mchezo wa kuwaburudisha watalii, au kwamba ni rushwa ndogo yenye utepe. Hoja hiyo haisimami ukitazama Wafiji wenyewe wanavyofanya: mtu wa Suva akienda kijiji kisicho chake hupeleka yaqona yake vile vile. Rushwa humfunga anayepokea peke yake, tena kwa siri. Sevusevu hutolewa mbele ya watu na kufunga pande mbili. Ikishapokewa, kijiji kinakuhesabu kuwa mtu wake. Ukipotea mwambani watakutafuta, mtoto akiumia watamhudumia, Jumapili utaalikwa kanisani na mezani. Nawe umeahidi kufuata utaratibu wao, ambao siku hiyo ya Jumapili unamaanisha hakuna kuvua, hakuna kuteleza juu ya mawimbi, hakuna muziki wa juu. Ukifika bila kuomba, huenda asiwepo wa kukufukuza, lakini umelikosa hilo lote.

Linalohitaji adabu zaidi ni chakula cha baharini. Maji ya karibu na kijiji ni qoliqoli, eneo la uvuvi ambalo haki zake ni za ukoo unaojulikana, nalo huishia kwenye mwamba wa nje. Sehemu zake huweza kuwekwa tabu, zisivuliwe kwa muda, kwa kifo cha chifu au kwa ajili ya kuwapa samaki nafasi ya kuzaana. Mwaka 1997 watu wa Ucunivanua, katika eneo la Verata, walifunga kipande kidogo cha bahari yao kwa sababu chaza waliokuwa wakiwala wamepungua. Chaza wakarudi, hata nje ya kipande kile, na vijiji vingi vya Fiji vikaiga. Wavuvi wa Kuruwitu, Kilifi, waliotenga sehemu ya bahari yao, wataielewa hesabu hiyo bila mkalimani. Kwa hiyo usidhani samaki walioneemeka mahali wamekosa mwenyewe. Huenda wameneemeka kwa sababu mtu amejinyima. Kuuliza kunakulinda nawe pia. Baadhi ya samaki wakubwa wa mwambani, kama mzia na chewa, hubeba sumu iitwayo ciguatera, itokanayo na viumbe wadogo mno wa baharini, ambayo haiondoki kwa kupika, kugandisha wala kukausha. Samaki aliye salama katika mwamba huu anaweza kuwa hatari katika mwamba unaofuata, na wavuvi wa mahali ndio wanaojua ni upi.

Maji ya kunywa na vyakula vifuate kanuni hiyo hiyo. Fulaga ni kisiwa cha mawe ya chokaa yaliyoinuka, na watu wake hutegemea mvua iliyokingwa kwenye matangi. Kujaza galoni 20 huko ni kuchukua maji ya kupikia ya familia kwa siku kadhaa. Njoo na mashine ya kuchuja maji ya bahari au matangi yaliyojaa, na ukinge mvua yako mwenyewe. Duka la kijiji hungoja meli ambayo huchelewa, kwa hiyo usinunue unga wote uliopo kwa kuwa una fedha. Leta vya kutosha na vya kugawa: unga, sukari, mchele, ndoano, kamba, madaftari, miwani ya kusomea. Pombe usilete, na peremende usizimwage kwa watoto ufuoni. Vitu vya shule vipitie kwa mwalimu. Ujuzi nao ni zawadi: anayejua kutengeneza injini ya boti au paneli ya sola atapata kazi siku ya tatu, kama wahenga walivyoagiza kumpa mgeni jembe. Wachongaji wa visiwa vya Kabara na Fulaga wanasifika kwa tanoa za mti wa vesi. Nunua kwao, kwa bei waliyotaja, badala ya kuwauliza kama wanakubali fulana iliyochakaa. Taka zako za plastiki na betri zote rudi nazo mjini, kwa kuwa kijiji hakina pa kuzipeleka.

Mwisho kuna pingamizi linalotoka moyoni: je, mtu aliyeuza nyumba akanunua yoti ili awe huru, aje kupiga magoti mbele ya fomu na machifu? Jibu ni kwamba uhuru wa bahari ni wa kweli, na unao siku zote unazokuwa mbali na nchi kavu. Siku unapotia nanga, umeingia katika maisha ya watu ambao hawakuchagua kuja kwako. Wao hawawezi kuondoka ukiwaharibia. Wewe unaweza kung'oa nanga alfajiri. Tofauti hiyo ya nguvu ndiyo inayokudai adabu. Aliyefika vibaya hamharibii mwenyeji peke yake. Humwachia mlango uliofungwa nahodha anayekuja msimu ujao, ambaye hakukosa lolote.

Basi kabla ya kununua tanga jipya, weka bajeti ya yaqona. Kabla ya kuchora njia, andika fomu. Na ukishafika, omba kwanza, sikiliza jibu, na kama jibu ni hapana, shukuru na utafute kisiwa kingine. Viko zaidi ya 300.